Arobaini za Goti

Sene 9

Kesho wanalitoa goti langu la kulia na kuniwekea la chuma. Daftari hili nimelinunua mlangoni mwa hospitali, hapa Addis Ababa, kwa mama anayeuza sabuni na ndala, maana nikikaa bure nitawaza msumeno.

Wodini mimi ndiye mtoto. Wenzangu ni mabibi wa miaka sabini, na mmoja aliponiona naingia na mikongojo akauliza nimekuja kumuuguza nani. Nikamwambia nimekuja kujiuguza mwenyewe. Akajishika kifua. Nina miaka thelathini na saba. Baridi yabisi ilinianza nikiwa na kumi na tisa, kwanza vidole, halafu magoti, mpaka yakawa yanasagana mfupa kwa mfupa. Daktari Wondwossen alinikatalia miaka mitatu. Kila nikienda anasema chuma nacho huchakaa, na mtu wa umri wangu atakichakaza angali na nguvu, na kufungua mguu mara ya pili ni kubaya kuliko mara ya kwanza. Mwaka huu nilipoingia ofisini kwake kwa makalio, najiburuta sakafuni, hakubisha tena.

Leo amepita kunitazama akasema neno ninaloliandika ili nisije nikalisahau: "Fantaye, mimi naweka chuma tu. Kukunja ni kazi yako. Usipolikunja wiki hizi za mwanzo, nyama zitashikana ndani, na utakuwa umebadilisha goti bovu kwa gogo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi ni fundi cherahani, cherahani ya kukanyaga, na nisipokunja goti sili.

Sene 11

Mungu wangu.

Sene 12

Wamenisimamisha. Nimewatukana wauguzi wawili pamoja na mama zao. Mmoja akasema wagonjwa vijana ndio wabaya, wazee huvumilia. Sawa, mimi mbaya.

Sene 17

Nimerudi nyumbani, Debre Birhan. Mvua imenitangulia, na baridi ya huku haina adabu hata kidogo. Tefera, mume wangu, alinibeba kutoka garini mpaka mlangoni, matope yamemfika kwenye vifundo vya miguu, na mlangoni alikuwa amesimama mama yake.

Naishi na Mama Ayelech mwaka wa kumi na nne sasa. Katika muda wote huo hajaniita kwa jina langu. Akiwa na furaha mimi ni "mke wa Tefera", akiwa hana mimi ni "kibuyu kikavu", na amenisema hivyo mbele ya wageni, mbele ya padri, mbele ya wifi zangu wakiwa na watoto wao mapajani. Nilijua leo ataniambia kwamba nimemtia mwanawe hasara na chuma.

Kumbe amenisafishia chumba. Ametandaza majani mabichi sakafuni, kitanda kakisogeza ukutani mbali na mlango, kakizungushia shuka kuzuia upepo. Akanitazama nilivyo, mweupe kwa kupungukiwa damu, nimefungwa bandeji, nimebebwa mikononi. Uso wake ukabadilika kabisa. Akasema, "Karibu, mwanangu. Mariam kakuhurumia."

Hayo ni maneno ya kumwambia mwanamke aliyetoka kujifungua. Niligeuka nyuma kuangalia nani mwingine ameingia.

Sene 18

Kanipikia genfo. Ugali wa shayiri, moto, katikati kisima cha siagi nyekundu kwa pilipili. Hiki ni chakula cha mzazi. Nimewakorogea wazazi wa mtaa huu genfo mpaka mkono ukavimba, na sijawahi kuandaliwa sahani yangu mwenyewe. Alinilisha kwa kijiko, akapuliza kila tonge. Nilikula yote nikalia, nikasingizia pilipili.

Sene 20

Amekuja Ermias, kijana wa mazoezi wa hospitali ya hapa mjini. Daktari Wondwossen ndiye aliyempigia simu. Atakuwa anakuja Jumanne na Ijumaa. Ana meno mazuri na roho mbaya. Hakusalimia vizuri, akavuta shuka, akashika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine, akaanza kukandamiza. Nilipiga yowe mpaka jirani Zewditu akaja mbio na unga mikononi. Mama Ayelech naye akaingia na mwiko wa genfo, akamtandika Ermias mgongoni.

Ermias akamwambia kwa upole kwamba mimi sikuzaa, mimi nimekatwa goti.

Mama akamjibu, "Amemwaga damu, hakumwaga? Amelazwa, hakulazwa? Basi ni mzazi. Toka humu na hayo matope yako."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Ermias naye alicheka, lakini kabla ya kutoka akanipima kwa chombo chake cha kupimia pembe na kuniambia nimekunja nyuzi sitini, na cherahani inataka tisini, na nifanye mwenyewe kila saa, nikiamka na kabla ya kulala. Nilimwambia ndiyo, ndiyo, ili aondoke.

Sene 24

Chumba kimejaa wanawake. Wamekuja na mikate, na siagi, na maneno yale yale, Mariam kakuhurumia, mwanzoni kwa utani, sasa naona hata utani umewatoka. Zewditu akauliza goti ni la kiume au la kike, maana mtoto wa kiume mama hukaa ndani siku arobaini na wa kike themanini. Wakabishana. Mama Ayelech akakata shauri: la kiume, linavyopiga mateke. Arobaini. Wakapiga vigelegele.

Mimi nimelala katikati yao, nywele zimepakwa siagi, mguu umenyooshwa na kufungwa kwa kitambaa cha sufi usiingie baridi. Mama hataki nikanyage chini hata kwa kwenda haja. Ananiletea chombo mwenyewe na kukimwaga mwenyewe. Nimezoea kukaa pembeni kwenye shughuli kama hizi, natumwa kahawa. Leo nilituma watu kahawa.

Nimekunja mara mbili kwa siri chini ya blanketi. Inauma kishetani.

Sene 29

Wubit amenitembelea. Tunashonea kibanda kimoja katika ushirika wa mafundi sokoni, cherahani yake na yangu zinatazamana. Ananipenda kama paka anavyompenda panya. Amesema kazi za Mwaka Mpya zimeanza kumiminika, magauni ya tarizi mpaka anakosa pumzi, na kwenye cherahani yangu amekaa mtoto wa dada yake, kwa muda tu, isije ikapata kutu.

"Si unaijua kanuni yetu," akasema, na akanipangusa shavu ambalo halikuwa na kitu. "Cherahani isiyo na mwenyewe mpaka Mwaka Mpya, Meskerem, inapewa mwingine. Lakini wewe pumzika, dada. Usijitese."

Alipotoka nilikunja mara nne. Mama akasikia nikigumia, akaja akanifunga mguu upya, akakaa akinipapasa kichwa mpaka nikalala.

Hamle 3

Nimemfukuza Ermias. Alisema nimerudi nyuma, nyuzi hamsini na tano. Alisema wagonjwa wazee anaowaona wanajua hawana muda, kwa hiyo wanajitesa na wanapona, lakini sisi vijana tunadhani goti jipya ni kama kiatu kipya, unavaa unaondoka. Alisema nimegeuka mama wa mtoto ambaye hayupo.

Nikamwambia aende akamkunje mama yake. Nikamwambia asirudi mpaka nimwite. Mama Ayelech alikuwa amesimama nyuma ya shuka anasikiliza, na Ermias alipoondoka akaja akanibusu mkono. Mkono wangu, yeye!

Hamle 7

Mvua haikatiki. Leo Tefera alirudi kutoka mashine ya kusaga, mweupe kwa unga kama kawaida yake, akamkuta mama yake ananichana nywele na kuniimbia. Aliganda mlangoni. Halafu akageuka, akasema amesahau kitu mashineni, akaenda kusimama mvuani. Namjua. Hakusahau kitu.

Miaka tisa iliyopita tulikwenda kwa daktari sisi wawili, na daktari akasema wazi, mimi sina tatizo, dawa zangu za baridi yabisi nikizisimamisha kwa utaratibu naweza kubeba mimba. Mbegu za Tefera ndizo hazina uhai. Njiani alilia ndani ya basi, akaniomba nisimwambie mama yake kamwe, maana yeye ndiye mtoto wake wa kiume wa pekee. Nikaapa. Nilimpenda, na nilidhani kibuyu kikavu ni neno tu, litachoka lenyewe.

Halikuchoka. Ila sasa limekoma, na naogopa hata kuliandika lisije likazinduka. Wakati mwingine Mama akiwa ananilisha nasahau kabisa kwamba hakuna mtoto.

Hamle 12

Mvua. Genfo. Nimelala.

Hamle 14

Vivyo hivyo.

Hamle 20

Arobaini zangu zimetimia. Wamenichemshia maji ya majani ya mkalitusi, wakaniogesha, wakanivika shuka jeupe jipya, na wanawake wakajipanga ukumbini na vigelegele. Mama alinishika mkono. Nilisimama. Goti haliumi! Nilitembea kutoka chumbani mpaka kwenye jiko la kahawa, hatua zangu mwenyewe bila mikongojo, na kila mtu akashangilia, na mimi nikajiona nimeshinda.

Halafu nikataka kukaa kwenye kigoda cha kahawa.

Mguu haukukunjika. Nilishuka, matako yakagonga kigoda, mguu ukabaki umesimama mbele yangu kama mpini wa jembe. Nikajaribu kuuvuta kwa mikono miwili. Hauji. Zewditu akatazama pembeni.

Mama Ayelech akasema, "Basi ni la kike. Themanini." Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nilipobaki peke yangu nilijiziba mdomo kwa mto.

Hamle 26

Addis Ababa tena. Daktari Wondwossen hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alipima, akapima tena. Arobaini na tano. Picha inaonyesha chuma kimekaa vizuri sana, kazi safi, na nyama zimekizunguka na kukikaba.

"Nani kakufanyia hivi?" akauliza.

Nikamwambia wanaonipenda.

Akaiweka picha mezani. Halafu akasema iko njia moja: wanilaze usingizi, waukunje kwa nguvu mpaka zile nyama zichanike. Wiki zimeshapita lakini bado inawezekana. Mwezi mmoja mbele haitawezekana, itakuwa kufungua tena, na hilo hatalifanya kwa mtu wa umri wangu. Nikasema nilazeni.

Nehase 3

Wameukunja. Muuguzi ameniambia ilisikika kama turubai linachanwa, alifikiri nitafurahi kujua. Nyuzi tisini na tano. Mguu umevimba mpaka ngozi inang'aa.

Daktari amekaa kitandani pangu na kunieleza polepole kama mtoto mjinga. Usingizi umenisaidia kwa sababu sikuwepo. Sasa nipo. Mwenyewe sitaweza kuukandamiza kupita maumivu, hakuna mtu anayeweza, mkono unaacha wenyewe. Lazima awepo mtu mwingine, mara sita kwa siku, wiki tatu, bila kukosa. Nikilala siku mbili, utarudi ulikokuwa, na hapo hana la kunisaidia.

"Tafuta mtu asiye na huruma," akasema.

Nehase 5

Nyumbani. Mama ametandika kitanda kilekile, majani mapya sakafuni. Ni mfungo wa Filseta, mji mzima haugusi siagi wala mayai, lakini mimi kaniwekea mayai matatu. Mzazi hafungi. Nilimwambia Mama mimi sirudi kitandani. Akacheka akasema mzazi wa mara ya pili ndiye mkaidi zaidi.

Nimempigia Ermias simu na kumwomba radhi. Alisema anakuja Jumanne na Ijumaa kama wagonjwa wake wengine, siku tano zilizobaki ni zangu mimi na nyumba yangu.

Nehase 6

Tefera amejaribu. Alishika mguu kama anashika yai, nikamwambia kandamiza, akakandamiza, nikalia, akaachia. Nikamtukana. Akajaribu tena, akaachia tena, na mwisho akatoka nje kutapika. Huyu mwanaume hawezi hata kuchinja kuku wa sikukuu.

Nehase 7

Nimemwomba Mama. Ana mikono ya mtu aliyetwanga shayiri miaka hamsini, angeweza kukunja reli. Akakaa miguuni pangu, akafanya ishara ya msalaba, akasukuma kidogo. Nikagumia. Akaachia palepale, akaniangukia shingoni, akasema, "Siwezi, mwanangu. Niache nikupake siagi. Goti litajikunja lenyewe Mungu akipenda."

Jirani Zewditu amekataa. Wifi yangu amekataa. Kila mtu ananionea huruma. Nimejipima kwa kipande cha kadibodi alichonikatia Ermias. Themanini na kitu.

Nehase 8

Wubit alipita kuniuliza hali. Mtoto wa dada yake, anasema, ana mguu mwepesi sana.

Jioni: chini ya themanini.

Nehase 9

Nimefanya jambo leo. Naliandika lilivyo.

Asubuhi nilipoamka mguu ulikuwa mgumu kuliko jana. Niliusukuma kwa kiganja mpaka nikaona giza, haukusogea. Nikahesabu: hivi ikifika Jumanne Ermias atakuta gogo, na Meskerem atakaa mtoto wa dada yake Wubit kwenye cherahani yangu, na mimi nitakaa humu ndani nikilishwa kwa kijiko mpaka nizeeke. Na mwanamke huyu atanipenda hivyo hivyo. Atanipenda mpaka nife.

Mama akaingia na sahani. Ameweka mayai, na kaniita mwanangu. Nikaangalia uso wake, laini, umefunguka, uso nilioungoja miaka kumi na minne. Nikajua kuna mtu mmoja tu katika mji huu mwenye mikono ya kuniokoa, na mikono hiyo haiwezi kufanya kazi kama haina chuki. Na chuki yake naijua, niliishi nayo. Ilikuwa haikosei hata siku moja.

"Mama," nikasema, "unajua kwa nini nyumba hii haina mtoto?"

Akasema tusiyaguse hayo, yamepita, sasa sisi ni mama na mwana.

"Ni mwanao. Tefera hana mbegu. Daktari alimwambia mbele yangu miaka tisa iliyopita. Na kila uliponiita kibuyu kikavu, yeye alikuwa amekaa hapohapo anakunywa kahawa yako."

Sahani haikumponyoka. Aliiweka chini taratibu, kwenye majani. Akasema mimi ni mwongo. Nikamwambia amuulize. Akasema mguu umenipanda kichwani. Nikamwambia amuulize. Nilikuwa na sauti tulivu kabisa, na nilitaka kumshika mkono na kumwambia nimetania. Sikumwambia. Nikaongeza lililo baya zaidi, nililolipanga alfajiri: "Ukoo wako unakwisha na yeye, Mama, na wewe ulikuwa unanipikia mimi genfo."

Akatoka. Tefera aliporudi kula, alimsimamisha ukumbini na kumuuliza mara moja tu. Nilisikiliza kupitia ukuta. Tefera angeweza kukana, angekana tu, ningekuwa mimi ndiye mwongo na yangekwisha. Hakukana. Alivaa koti lake lenye unga akaondoka.

Haukupita muda shuka lililozunguka kitanda likavutwa, likakatika kamba. Mama Ayelech amesimama juu yangu, macho makavu.

"Lete huo mguu."

Akaushika. Akaukandamiza kwa uzito wake wote. Nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo. Hakuachia. Nikamwambia basi, Mama, basi. Akasema, "Mimi si mama yako," akaongeza uzito, na ndani ya goti kitu kikachanika na kikaachia, na kisigino changu kikagusa ubao wa kitanda.

Nehase 10

Amekuja. Amekunja. Ametoka. Mara sita.

Nehase 11

Mara sita. Chakula nimejipikia, nimeegemea ukuta.

Nehase 14

Haniiti chochote sasa. Hata mke wa Tefera hasemi. Anaingia, ananyoosha mikono, nampa mguu. Nikilia anakandamiza zaidi, kwa hiyo nimejifunza kuuma kitambaa. Jana nilimwambia asante. Alinitemea mate, si usoni, pembeni, kwenye majani yake mwenyewe ambayo sasa yamekauka na hakuna anayeyafagia.

Nehase 17

Ermias amepima: mia moja. Alipima mara mbili. Akauliza ni nani anafanya kazi nzuri namna hii. Nikamwambia mama mkwe.

"Huyo mama anakupenda sana," akasema.

Nehase 20

Tefera analala mashineni, kwenye magunia. Leo alikuja kuchukua nguo. Nilitarajia anipige au anitukane, nimejitayarisha kwa yote mawili. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama goti langu lililokunjwa, akaniuliza kama linauma. Nikamwambia linauma.

Akasema, "Ungeniambia nikukandamize hivyo, ningejifunza."

Nikamwambia alitapika. Akasema ni kweli. Akachukua mashati yake mawili na kwenda. Namwonea hasira kwa kutonichukia, maana angenichukia nami ningepata pa kuegemea.

Nehase 27

Mvua inapungua. Naketi kwenye kigoda.

Pagume 3

Siku tatu kabla ya Mwaka Mpya, nimekwenda sokoni kwa miguu yangu, kwa mkongojo mmoja kwa ajili ya goti la kushoto, ambalo nalo limekwisha na linasubiri zamu yake. Wubit aliniona kutoka mbali na kujifanya hajaniona. Mtoto wa dada yake alikuwa amekaa mahali pangu, msichana mpole, ana uzi mdomoni. Nilisimama mbele yake nikangoja. Akamtazama Wubit. Nikamwambia inuka. Akainuka. Alianza kulia, na mimi nilikaa kwenye kiti bado kina joto lake, nikaweka miguu kwenye kanyagio, na goti la kulia likapanda likashuka, likapanda likashuka. Mwenyekiti wa ushirika akapita akaona, akapiga kofi moja la kufurahi. Wubit akasema, "Karibu, dada," na kunitengenezea mahali pa kuweka mkongojo.

Meskerem 1

Mwaka Mpya. Wasichana wamepita na maua ya njano wakiimba kila mlango. Nimeshona magauni matatu kati ya yale waliyovaa. Tefera amechinjiwa kuku na watu wa mashineni. Humu ndani hatukuwasha hata kahawa.

Meskerem 3

Mama Ayelech amehama leo. Amekwenda kwa binti yake, mji wa Sheno, amesema hawezi kukaa nyumba isiyo na mtu. Gari lilikuwa linamngoja barabarani na mizigo yake imeshapakiwa, na mimi nilikuwa sebuleni na cherahani, nimepewa ruhusa ya kuileta nyumbani wiki hii ya kazi nyingi.

Alisimama mlangoni. Sijui alikuja kuaga au kunilaani. Aliyatazama magoti yangu mawili chini ya cherahani, la chuma linavyopanda na kushuka, na la kushoto lililovimba, nimelinyoosha pembeni. Daktari ameshasema hilo atalibadilisha mwakani. Nikaacha kukanyaga. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, kwamba zile arobaini zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, kwamba genfo yake naiota. Niliita tu, "Mama."

Akafunga shuka lake kifuani.

"Na hilo lingine," akauliza, "utamwambia nini nani, akukunjie?"

Akashuka ngazi akishikilia ukuta, maana naye ana magoti. Nikasikia gari likiondoka. Nikarudi kukanyaga, gauni lilikuwa la mtu na analitaka kesho asubuhi.